Karungu: vumbi la ziwa na kochi la mahameli

IKIWA unatoka Nairobi kwenda Karungu, msomaji, acha nguo nyeupe nyumbani. Utapita Narok na Kisii, ushuke hadi Rongo, ukunje kulia kama mtu anayekwenda Homa Bay, na ukifika Rodi Kopany uiache barabara hiyo na kuelekea Ndhiwa. Kutoka hapo nchi inazidi kuteremka na joto linazidi kupanda, mpaka ghafla Ziwa Viktoria linametameta mbele yako. Hiyo ndiyo Ghuba ya Karungu. Mji wake ni Sori, penye mashua zilizopakwa rangi za kila namna na omena zilizoanikwa juu ya nyavu kando ya maji. Hapa uko Kaunti ya Migori, ingawa milima ya Gwasi unayoiona kaskazini imo Homa Bay.

Vumbi la huku si vumbi la Nairobi. Milima hiyo ya Gwasi ni mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, na majivu yake yamo katika tabaka za udongo wa Karungu. Wataalamu wa mifupa ya kale wanaijua sana ardhi hii. Mwaka 1911 Mwingereza Felix Oswald alikuja kuchimba hapa, na mwaka huohuo taya lililotoka Karungu lilipewa jina la Deinotherium hobleyi, mnyama wa jamii ya ndovu aliyekuwa na pembe zilizoota katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Umri wa mabaki hayo ni zaidi ya miaka milioni 17. Wachimbaji wa vitu hivyo, ukipata bahati ya kuwatazama wakiwa kazini, huanza na brashi kavu. Maji na dawa huja baadaye, tena kwa uangalifu. Likumbuke hilo, kwa maana sasa tunaingia nyumbani kwa watu.

Ukikaribishwa katika nyumba ya Karungu, jambo la kwanza utakaloliona sebuleni ni vitambaa. Kila kochi limefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mgongoni, mikononi na hata mezani. Vijana wa mjini huwacheka mama zao kwa vitambaa hivyo. Mimi siwacheki. Mchana upepo hutoka ziwani na kuingia nchi kavu, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kila unapogeuka hubeba kitu. Kuna vumbi, kuna moshi wa jikoni, na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama wingu la moshi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama, kisha huingia nyumbani kwa maelfu wakifuata taa. Kitambaa cha juu huvuliwa kikafuliwa. Kochi lenyewe halivuliki.

Katika nyumba moja isiyo mbali na ufuo nilimkuta mama mmoja na shida hiyohiyo. Kijana wake aliyeko Nairobi alimletea seti ya makochi ya mahameli nyekundu, na wageni wa mahari ya binti yake walikuwa waje Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi mmoja mwenye mashine alikuwa amejitolea kuyaosha yote kesho yake asubuhi. "Mwanangu, wewe unatoka Nairobi," akaniambia, "huko mnayapeleka kwa dobi yakarudi mazima?"

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba inategemea kochi limevishwa nini.

Tulipindua kochi moja, tukachomoa uzi mmoja pale chini panapofichwa, tukauchoma mbali na mapazia na juu ya sahani. Nawe unaweza kufanya hivyo. Uzi wa pamba, kitani au reyoni huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Uzi wa mama ulinuka karatasi. Yaani hiyo mahameli ilikuwa ama ya pamba ama ya reyoni, na hatukuwa na njia ya kujua ni ipi.

Tofauti hiyo si ndogo. Pamba ikilowa huwa na nguvu zaidi, lakini reyoni ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na fundi akiisugua kwa brashi ngumu ataing'oa manyoya yake. Hata mahameli ya pamba, ikilowa na kukaliwa kabla haijakauka, hulala upande mmoja na kubaki na alama zisizoinuka tena. Rangi nyekundu nayo ndiyo yenye sifa mbaya ya kuchuja kuliko nyingi. Hariri huachiwa madoa ya maji, hata maji safi. Kitani na pamba vikikauka polepole hutoa weusi wa rangi ya chai kutoka ndani, na mwenye nyumba hudhani kochi limerudishwa chafu kuliko lilivyokwenda. Ama jiki, msomaji, isikaribie sufu wala hariri kamwe: huzila nyuzi hizo mpaka zikayeyuka. Asiyeamini na atumbukize uzi wa sufu katika kikombe cha jiki, autafute baada ya muda.

Walakini hatari kubwa aghalabu haiko kwenye kitambaa, iko kwenye sponji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fundi anamwaga maji na sabuni, mashine inavuta sehemu tu, juu panaonekana pamekauka, kumbe ndani sponji limenywa kama mtoto aliyetoka shuleni. Karibu na ziwa hewa ya usiku ina unyevu, na kuvu huhitaji siku moja au mbili tu za unyevu kuanza kuota. Wageni wa Jumamosi wangekalia kochi lililooshwa Ijumaa, wakainuka na suruali zenye rangi nyekundu. Kulitoa juani nako si dawa. Karungu iko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, na jua hilo hufifisha mahameli upande mmoja kabla hujamaliza kunywa chai. Kochi lililolowa hukaushwa kivulini, penye upepo.

Wako pia mafundi wanaojinadi kwamba hawatumii maji bali dawa ya kuyeyusha mafuta. Kwa baadhi ya vitambaa hiyo ndiyo njia sahihi, lakini uliza ni dawa gani. Nyingine hushika moto upesi, na nyumba nyingi za huku hupikia karibu na sebule. Nyingine, kama ile iitwayo perikloroethilini ambayo madobi wa nguo wameitumia kwa miaka mingi, imewekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Anayefuta doa la mafuta ya samaki kwa petroli ndani ya nyumba huyo simzungumzii, anahitaji kuombewa.

Kama kochi lako lilitoka ng'ambo, tazama lebo chini ya mto. Herufi W maana yake kitambaa kinavumilia maji, S ni dawa isiyo na maji, WS ni chochote kati ya hivyo viwili, na X ni kufyonza vumbi tu, bila maji wala dawa. Makochi yanayotengenezwa kando ya barabara zetu hayana lebo. Hapo hapana budi fundi afanye jaribio: apake dawa yake mahali pasipoonekana, akandamize kitambaa cheupe, kisha angoje pakauke kabisa. Akikataa kungoja, mpe chai na umsindikize. Muulize pia kochi litachukua saa ngapi kukauka na nani atalipa likiharibika, na majibu uyaandike. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia anapopata hasara, na iko Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Lakini bila karatasi yenye sahihi, utaanza wapi kudai?

Sisemi kochi liachwe na uchafu wake. Mchanga unaoingia kati ya nyuzi hukata kama msasa kila mtu anapoketi, na kochi lisiloguswa kwa miaka huchakaa upesi. Nasema uchafu mwingi wa Karungu huja mkavu, na unatoka mkavu. Wadudu wa ziwani ukiwafuta kwa kitambaa kibichi unawapaka. Wakiachwa wakauke, brashi laini inawatoa wote.

Mama alimwita fundi siku hiyohiyo jioni. Viti viwili vya poliesta vilivyokuwa barazani vikaoshwa, mahameli ikapigwa brashi kavu kwa kufuata mlalo wa manyoya yake, mito ikapigwapigwa nje, na vitambaa vyote vikafuliwa na kuanikwa. Fundi alilipwa nusu ya alichotarajia. Hakufurahi, ila alikula samaki.

Ukitembelea Karungu bila shaka utanunua omena Sori. Zifunge katika mifuko miwili na uziweke kwenye buti, usiziweke juu ya kiti cha gari. Harufu ile ikiingia katika sponji, utauza gari ikiwa bado imo.