Lita Arubaini

Mteja alinitumia kazi Jumatatu usiku: maneno 1,200 kuhusu jinsi serikali zinavyogharimia usafiri endelevu wa mijini, mwisho Jumatano. Nikajibu "sawa" haraka kabla hajampa mwengine. Tangu niache chuo nikarudi Siyu, naishi kwa kuandikia watu wa mbali. Mradi nina bando na chaji, hakuna anayejua kuwa mwandishi amekaa barazani na punda anampita mbele.

Jumanne alfajiri tulikuwa mimi na mamangu, tunasubiri maji. Mama ana presha, na kliniki yake iko Lamu kila mwezi. Hori la Siyu linapita katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki tope. Chombo hakitoki wala hakiingii. Daktari huandika tarehe kwenye kadi, lakini saa ya kuondoka huandikwa na mwezi. Zikigongana, twapanda boda hadi Mtangawanda, mama kashika buibui kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwengine.

Mwezi uliotangulia hakwenda. Nauli yake na yangu ya kumsindikiza, kwenda na kurudi, ilizidi bei ya dawa zenyewe. Hakuniambia. Niligundua nilipoona vidonge kwenye kisahani, vimekatwa nusu kwa kisu.

Basi pale ukingoni nikafungua simu nianze kazi. Mfano mzuri wa karibu ni Dar es Salaam. Serikali ya Tanzania iliunda wakala wa DART mwaka 2007, ikakopa Benki ya Dunia, ikajenga kilomita kama 21 za njia ya mabasi peke yake, na 2016 mwendokasi ukaanza kubeba watu. Abiria hulalamika wanabanana kama dagaa, lakini angalau jambo lina mwenyewe: kuna ofisi, kuna mkopo, kuna njia. Nairobi nako iliundwa NaMATA mwaka 2017, iongoze usafiri wa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kitu cha kwanza watu kukiona kilikuwa mstari mwekundu uliopakwa Thika Road. Mabasi yenyewe yakabaki kusubiriwa, kama sisi na maji.

Kisha nikafika kwenye pesa. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya ina ushuru wa kutunza barabara ndani yake. Sheria yake ni ya 1993. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukapanda hadi 25. Bodi ya Barabara ya Kenya ndiyo inayousimamia na kuugawa. Nikainua macho. Nahodha alikuwa anamimina petroli, mtungi wa pili.

"Ami, hio ni lita ngapi?"

"Kwenda na kurudi, arubaini. Bahari ikichafuka, zaidi."

Arubaini mara 25 ni 1,000. Elfu nzima ya kutunza barabara, kutoka kwa chombo ambacho hakitakanyaga barabara maisha yake yote. Na nahodha haitoi mfukoni mwake. Imo ndani ya nauli. Ati mamangu, anayekata vidonge kwa kisu, anachangia kuziba mashimo ya barabara za Nairobi.

Nisiwe mwongo. Boda tunazopanda zinapita njia, na shehena inayotufikia kupitia Mokowe huja kwa lami ya Garsen. Barabara zinanihusu. Ninachouliza ni kwa nini bahari haihesabiwi kuwa barabara, manake serikali ikitaka inajua kuihesabu. Nenda Likoni. Gari hulipa, lakini anayevuka feri kwa miguu halipi hata ndururu. Naisoma hivi: mtu hafai kutozwa kwa sababu tu mji wake umekatwa na maji. Siyu pia umekatwa na maji. Tofauti ni kuwa watu wa Likoni wakigoma asubuhi moja, Mombasa inasimama. Sisi tukigoma, hakuna atakayejua mpaka samaki wapungue sokoni.

Nikatafuta ni kazi ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa kaunti feri na bandari, ukiondoa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa hivyo bahari yetu ni kazi ya kaunti, ushuru wa petroli yetu unakusanywa kitaifa, na magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Ashinde nani, jina lake ni pesa za barabara.

Mama akaniuliza naandika nini. Nikamwambia usafiri endelevu, yaani unaodumu, usiochafua hewa.

Akacheka. "Babako alikuwa na dau la tanga. Lilikuwa na moshi?"

Halikuwa. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyemwambia aliuze, mwaka ule dada yangu alipozaliwa njiani, upepo umekata, pwani haionekani. Mashine haikuja huku kwa sababu tunapenda petroli. Ilikuja kwa sababu mtu anayeumwa akishasubiri maji, hawezi tena kusubiri na upepo. Ndiyo maana neno "endelevu" linanipa taabu. Usafiri usio na moshi tulikuwa nao, ukatushinda kwa sababu haukuwahisha watu hospitalini. Anayetaka tuachane na petroli hana budi kuleta kitu kinachofika.

Tulitoka maji yalipojaa. Lamu, presha ya mama ilikuwa juu, daktari akaongeza dozi. Mama akaniangalia nisiseme kitu, nami sikusema.

Jumatano nilipeleka kazi. Mteja alilipa, nashukuru, ila aliikata aya ya Likoni na Siyu. Alisema haihusiani na mijini. Nilitaka kumjibu kuwa Siyu ulikuwa mji wenye misikiti, mafundi wa ngozi na waandishi wa misahafu wakati Nairobi ni kinamasi. Na kwamba Nairobi wenyewe ulianza 1899 kama kituo cha reli iliyojengwa kwa pesa za serikali ya Uingereza. Yaani ule ni mji uliozaliwa na serikali kulipia usafiri. Sisi bahari ilituzaa bure, na sasa ndiyo tunayoilipia. Lakini nilihitaji kazi nyengine, nikaandika "sawa".

Siku hizi, kila tukienda kliniki, namuuliza nahodha lita ngapi, naandika kwenye daftari: tarehe, lita, mara 25. Sijui nitampelekea nani. Mama anadhani ni hesabu za deni. Nami nimemwacha adhani hivyo, kwa sababu hajakosea.