Chazo, Samaki Avuaye Kasa

Msafiri aondokaye Kismayu kwa chombo akielekea kusini huona msururu wa visiwa vilivyojipanga sambamba na pwani, hadi karibu na Ras Kiamboni, mpakani mwa Kenya. Hivyo ndivyo visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Ardhi yake ni mawe ya matumbawe. Kwa hiyo wenyeji, wasemao lahaja ya Kiswahili, tangu zamani shamba lao ni bahari.

Katika bahari ile yumo samaki aitwaye chazo. Ni mwembamba, aweza kukaribia urefu wa mita moja, na ubavuni ana mstari mweusi uliopakana na mweupe. Juu ya kichwa ana kitu mfano wa soli ya buti, chenye mistari iliyopangana kama ngazi. Nacho ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo. Kwa hicho hujigandisha kwa papa au kasa, akasafiri bila taabu, akila makombo na vijidudu vya ngozini mwa mwenyeji wake.

Siri yake ni hii: akivutwa nyuma hushika zaidi, akijisukuma mbele huachia. Wabajuni waliitambua siri hiyo, wakaitumia. Mvuvi alimfunga chazo kamba shinani mwa mkia, akamtunza hai. Kasa alipoonekana, chazo alitupwa majini, akamwendea na kumganda. Kadiri kasa alivyokaza kukimbia, ndivyo chazo alivyozidi kung'ang'ania, na kamba ikavutwa taratibu hadi chomboni. Mwingereza Frederic Holmwood, aliyetumikia ubalozi wa nchi yake Unguja, aliandika juu ya uvuvi wa namna hii mwaka 1884. Na Mwitalia Vinigi Grottanelli alitoa kitabu juu ya Wabajuni mwaka 1955.

Leo kasa hana budi kulindwa, kwani huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga. Tena vita vilivyozuka Somalia viliwatawanya Wabajuni wengi kuanzia mwaka 1991, wengine wakakimbilia Mombasa na ng'ambo. Kasa aachwe, lakini elimu isiachwe. Aliye na babu au bibi wa visiwa hivyo na amketishe, amwulize majina ya samaki, miamba na mikondo, ayaandike. Mzee akiondoka na elimu hiyo, hakuna kamba ya kumvuta arudi.