Kuvaa na Kuvishwa

Wapenzi wa lugha, naomba leo tukae na kitenzi kimoja chepesi: kuvaa. Mtu huvaa kanzu, huvaa viatu, huvaa miwani. Tazameni sasa ukoo wake. Anayejitosa katika jambo kwa moyo wote huambiwa amelivalia njuga. Anayesifiwa sifa za uongo huambiwa amevikwa kilemba cha ukoka. Bibi arusi huvishwa pete, mtoto mchanga huvishwa nguo, maiti huvishwa sanda. Nguo yaweza kuwa ile ile na mwili ule ule, lakini viambishi vichache mwishoni mwa mzizi hutueleza jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: ni mkono wa nani ulioamua. Anayevaa ana hiari yake. Anayevishwa ana mtu nyuma yake, awe wa mapenzi au wa hila.

Miezi hii nimekuwa nikikitafakari kitenzi hiki kwa sababu ya taaluma ambayo katika Kiswahili haijapata jina lililotulia, yaani utafiti wa uhusiano wa binadamu na kompyuta. Wataalamu wake huchunguza pale mahali ambapo mtu na mashine hukutana: kioo kinachoguswa, kitufe kinachobonyezwa, sauti inayosikika. Watafsiri wa programu wamepaita mahali hapo kiolesura, na mimi kila nikilisikia neno hilo nasikia ndani yake neno sura. Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa maabara ya Xerox PARC huko California, alichapisha makala iliyotabiri kwamba kompyuta za karne ya 21 zitajichanganya na vitu vya kila siku, mpaka watu wazitumie bila kuzifikiria. Miaka thelathini kabla yake, mwaka 1961, Edward Thorp na Claude Shannon walikuwa wameshaunda kompyuta ndogo ya kuvaliwa, yenye swichi za kubonyezwa kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, ili kukisia gurudumu la kamari litasimamia wapi. Na mwaka 2016 watafiti wa bara letu walikutana Nairobi katika mkutano wa kwanza wa AfriCHI, kujadili taaluma hii kwa macho ya Kiafrika.

Taaluma hiyo imezaa mambo mawili yanayotuhusu hapa: nyumba zinazojiendesha, na vyombo vya kuvaliwa vinavyopima mwili.

Kuhusu nyumba nitasema machache. Simu ya kisasa tumeiita simu janja, na wapo wanaosema pia nyumba janja. Neno hili linanipa shaka. Lugha yetu ina akili, ina busara, ina werevu, ina hekima, na ina ujanja. Mjanja katika hadithi zetu ni Sungura, na Sungura hajapata kuwa mtumishi wa mtu. Kila anayefanya naye shirika hujikuta amelima yeye na amevuna Sungura. Labda aliyeliteua neno alijua alitendalo. Katika nyumba yangu mjini Mpanda, kitu pekee kinachokaribia kuitwa janja ni mita ya LUKU. Nikinunua umeme napokea tarakimu ishirini, naziingiza moja baada ya moja, na mita ikikubali, taa zinawaka. Wengi tumesahau kwamba LUKU ni sentensi: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Na sentensi yenyewe ni amri. Matangazo ya nyumba za kisasa hutuonesha mtu ameketi kochini akiamrisha taa, na taa zinatii. Kwetu kifaa ndicho chenye jina la kuamrisha, na mwenye nyumba ndiye anayetii.

Lakini kilichonifanya niandike si nyumba. Ni saa.

Mama yangu anaishi Kasansa, katika bonde la Rukwa, Halmashauri ya Mpimbwe. Ukitoka Mpanda kwenda huko unapita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Katavi, hifadhi iliyoupa jina mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Mama ni Mpimbwe, mkulima wa mpunga, na ana ugonjwa wa presha. Mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, anafanya kazi Dar es Salaam. Mwaka jana alimtumia bibi yake saa ya mkononi ya aina hizi mpya. Mgongoni mwake kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kila mapigo ya moyo yanapoijaza mishipa, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu mapigo kutokana na kupungua huko. Ndani yake kuna pia kipimo cha mwendo, kinachohesabu hatua na kukisia usingizi. Saa huzungumza na simu ya Mama, simu huzungumza na intaneti, na mjukuu akiwa Dar es Salaam huona kwenye simu yake moyo wa bibi yake ulivyopiga usiku kucha.

Nilikuwapo siku aliyofungwa saa hiyo. Kijana wa jirani ndiye aliyeifunga, kwa maelekezo ya simu kutoka Dar es Salaam. Mama alinyoosha mkono kama anyooshavyo mgonjwa mbele ya mganga. Ndipo kitenzi kilipokuja kichwani mwangu kikiwa na viambishi vyake vyote: Mama amevishwa.

Mvutano wa kwanza ulikuwa wa wakati. Mama ana saa ya zamani ya mishale, ukutani. Inaonesha saa za kizungu, naye huisoma kwa Kiswahili bila taabu: mshale mfupi ukielekea nane, yeye hutazama upande wa pili wa duara, anaona mbili, anasema saa mbili. Uso wa duara unamruhusu kufanya hivyo, kwa kuwa kila namba ina mwenzake anayeikabili. Saa mpya iliandika 20:00. Tarakimu hazina upande wa pili. Wazee wetu walizoea kuhesabu saa tangu jua lichomoze, na duara likawavumilia. Tarakimu nne zilizopangwa mstari hazimvumilii mtu. Mama alitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni saa ya wapi?"

Wa pili ulikuwa wa kazi. Kifaa cha namna hii huhesabu hatua kwa kufuata mkono unavyoyumba. Mama akienda kisimani na kurudi na ndoo kichwani, mkono wenye saa umeishika ndoo, haukuyumba, na hatua nyingi za njia ya kisima hazikuandikwa. Jioni akiketi kwenye kigoda kumenya karanga au akisimama papo hapo kutwanga, mkono ukaenda na kurudi, na saa ikampongeza kwa mwendo ambao hakuutembea. Sikukiona kifaa kuwa kibaya. Nilikiona kimefundishwa na mwili wa mtu mwingine, mtu atembeaye mikono mitupu. Hata mashine ina lafudhi ya mahali ilikokulia.

Mvutano wa tatu ndio uliouma, nao ulikuja polepole. Kabla ya saa, mjukuu alikuwa akipiga simu karibu kila asubuhi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mume wangu, hujambo?" "Sijambo. Umeamkaje?" Hapo Mama angeeleza: mgongo umekaza, ndoto ilikuwa mbaya, fisi alilia karibu na zizi, mvua imechelewa. Presha ingetajwa mwishoni, kwa sentensi moja. Baada ya saa, simu zilipungua. Kijana hakuwa amemsahau bibi yake. Alikuwa akimtazama zaidi kuliko zamani, hata mara kumi kwa siku. Alijua alilala saa ngapi na moyo ulipiga vipi. Swali la umeamkaje lilikuwa limeshajibiwa kabla halijaulizwa.

Mama alilisema jambo hilo siku moja tukipepeta mchele. "Tangu nivishwe hii, wote wanajua nimelalaje. Hakuna anayeniuliza."

Nimeisikiliza sentensi hiyo mara nyingi kuliko mashairi mengi niliyoyasoma. Salamu zetu ni maswali: hujambo, umeshindaje, habari za kuamka, watoto hawajambo? Wageni hushangaa kwa nini tunauliza mambo mengi ambayo majibu yake ni yale yale. Jibu ni kwamba hatuulizi kwa kukosa habari. Tunauliza ili mwenzetu apate nafasi ya kujisema. Kumjulia mtu hali na kujua hali yake ni mambo mawili, na Kiswahili kimeyatenga kwa kiambishi kimoja. Kujulia kuna kauli ya kutendea. Ndani yake yumo mtu anayetendewa. Saa ya mkononi inajua hali. Haiwezi kumjulia mtu hali.

Nilimuuliza Mama kama angependa saa iondolewe. Hakujibu moja kwa moja. Alishika ncha ya kanga aliyojifunga, akaonesha maandishi yake. "Hii naichagua mwenyewe," alisema. "Najua leo nani atapita hapa na atasoma nini. Hiyo saa yenu inasomwa na nani?"

Ndugu wasomaji, nilikuwa nimesoma habari za vyombo vya kuvaliwa vyenye kubeba ujumbe, nikidhani ni uvumbuzi wa maabara za ng'ambo. Mama alinikumbusha kwamba wanawake wa Afrika Mashariki wamekuwa wakivaa maandishi kwa zaidi ya karne moja. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule usemi ulioandikwa. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye likaja kwa herufi za Kirumi. Kwa jina la kanga mke mwenza amejibiwa, jirani mwenye maneno ameonywa, mume amebembelezwa, na mdomo haukufunguliwa. Kama kiolesura ni mahali panapokutanisha ujumbe, mwili na msomaji, basi kanga ni kiolesura kilichokomaa. Inatofautiana na saa kwa jambo moja tu. Kanga husema kile ambacho mvaaji amechagua kisemwe, kwa yule ambaye mvaaji amekusudia asikie. Saa humsema mvaaji kwa watu ambao hawaoni.

Sheria ya nchi imeanza kulisogelea jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na moja ya maneno yake mazito ni ridhaa. Mpenzi wa lugha hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Ridhaa ni ndugu wa damu wa radhi; yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuridhika. Tunapowafundisha watoto kwamba asiye na radhi za mama hafiki mbali, tunazungumzia kitu kile kile ambacho sheria inakitaka kabla taarifa za mtu hazijachukuliwa. Mjukuu aliyejaa mapenzi, mwenye nia njema kabisa, bado anahitaji kuomba radhi ya bibi kabla hajausoma moyo wake. Tena ridhaa haiwezi kuombwa kwa lugha asiyoijua muombwaji. Saa ya Mama ilileta kurasa za masharti kwa Kiingereza, na kidole kilichobonyeza kukubali kilikuwa cha kijana wa jirani.

Tulimpigia simu mjukuu, tukaweka sauti kubwa, Mama akasema mwenyewe. Hakulalamika. Alimshukuru, akamwombea, kisha akaweka masharti yake kwa upole ule wa wazee ambao hauachi mlango wa kubishia. Saa ataivaa siku anazokwenda shambani peke yake, kwa kuwa anaweza kuanguka mbali na watu. Jioni ataivua. Usiku ni wake. Na ikifika saa mbili usiku, saa mbili yetu, mjukuu apige simu na kuuliza bibi ameshindaje, hata kama anajua. Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu, kisha sauti ya kijana ikasema, "Nimekuelewa, Bibi. Unisamehe." Mama akacheka, akamwambia hakuna kosa katika kupenda.

Sasa Mama anaivaa saa hiyo. Natumia kitenzi hiki kwa makusudi, bila kiambishi cha ziada.

Kwetu sisi tunaocheza na maneno ipo kazi. Vyombo hivi vinakuja, na kwa wengine vitaokoa maisha. Sina sababu ya kuvichukia. Tangu mwaka 2017 Google imewezesha simu kuandika Kiswahili kinachotamkwa, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za wasemaji wetu wanaojitolea ili mashine zijifunze. Wanaozifundisha mashine istilahi zetu watafika kwenye swichi, kitufe, programu na mtandao, na huko wataalamu wapo. Nani atawafikisha kwenye tofauti ya kujua hali na kumjulia mtu hali? Nani atawaonya kwamba saa mbili ya Kasansa si saa mbili ya California, na kwamba mwanamke mwenye ndoo kichwani anatembea? Maarifa hayo yamo katika viambishi, katika salamu, katika majina ya kanga, mahali ambapo washairi wamezoea kupekua.

Kabla ya kumaliza, ninalo ombi dogo. Tupendekezeeni neno la vyombo hivi vya kuvaliwa. Wako wanaosema vivazi, lakini neno hilo tayari ni la nguo. Lolote mtakaloliteua, naomba mzizi wake uwe vaa, na viambishi visimfiche mvaaji.