Soseji zilizomrudisha mdogo wangu mezani

Msomaji wangu, hebu mwambie mtu wa Tanga kwamba umempikia mfiwa soseji. Atakutazama mara mbili, kisha atakuuliza kama na wewe umepatwa na jambo. Kwetu sisi mfiwa huletewa wali, maharage, chai ya tangawizi, na siku nyingine mihogo ya kuchemsha. Soseji ni mambo ya watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa, ama ya chipsi za jioni kando ya barabara, imechanwa kichwani na mkiani, imemwagiwa tomato, basi. Nani akae nayo na huzuni yake?

Mimi nimekaa nayo, na leo nataka nikusimulie. Maana wapo wanaoamini kwamba ndugu akiwa mbali, dawa yake ni kumpelekea chakula cha kwao. Wanafunga dagaa, wanafunga unga, wanasema akila hiki tu atapona. Inategemea, mwenzangu. Inategemea amefiwa na nani.

Mama yetu alifariki Septemba 2014. Mdogo wangu alikuwa Leicester, Uingereza, akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kuwainua watu wazima vitandani na kuwalisha kwa kijiko. Hati yake ya kusafiria ilikuwa imeshikwa na watu wa ofisi moja huko, eti anaongezewa kibali cha kukaa, na walikuwa wameikalia mwezi wa tano sasa. Mazishi asingeyawahi kwa vyovyote, sisi tunazika siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini hitma angeiwahi, na arobaini angeiwahi. Hakuwahi chochote. Dua alizisikiliza kwenye simu, kajifungia chooni kazini, mpaka salio likakatika katikati ya Yasini.

Arobaini ilipopita nikaenda mimi. Visa niliipataje ni hadithi nyingine, tusilichafue gazeti la watu. Begi langu lilikuwa na unga wa muhogo kwa ajili ya bada, papa mkavu, pilipili, na chupa moja ya achari ya maembe niliyoizungushia kanga mbili. Yule bwana wa forodha alilinusa lile papa, akafunga begi mwenyewe bila kuniuliza swali. Achari ile ilikuwa na habari yake. Aliitia mama kwa mkono wake, msimu wa maembe uliotangulia, na ilikuwa chupa ya mwisho.

Siku ya kwanza nikasonga bada, nikapika papa kwa nazi na ndimu. Mdogo wangu akanawa, akakata tonge, akalishika. Halikufika kinywani. "Dada, samahani," akasema, akaenda kulala. Kesho yake wali wa nazi, mambo yakawa yale yale. Siku ya tatu akaifungua chupa ya achari, akanusa, akaifunga, akaenda kuisukuma ndani kabisa ya kabati, nyuma ya paketi za chumvi. Sikumuuliza. Kila harufu iliyotoka kwenye sufuria yangu ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, na yeye alikuwa bado anamzika mama kwa simu.

Alichokuwa anakula ni mkate wa kuchoma na chai, amesimama, koti mwilini. Sare ya kazi ilikwishaanza kumpwaya. Na Desemba ya kule, jamani! Jua linazama kabla ya saa kumi za jioni, na asubuhi halichomozi mpaka saa mbili ipite. Mtu wa shifti anaweza kuimaliza wiki hajaliona. Mwenye msiba kwenye giza la namna hiyo ni kama gunia lililosahauliwa ghalani.

Neno la soseji lilitoka kwake mwenyewe. Jioni moja amevua viatu, ananihadithia wazee wake. Kuna bibi mmoja, anasema, amesahau majina ya wanawe wote, lakini siku ya soseji na viazi vya kuponda hahitaji kuambiwa. Sahani ikipita mlangoni tu anakaa wima. "Ile harufu ya vitunguu, dada, hata mimi nasikia njaa. Ila ndiyo hivyo, za nguruwe." Nikamtazama. Tangu nifike, ndiyo mara ya kwanza namsikia analitaja neno njaa.

Kesho yake nikavaa makoti mawili nikaingia mtaani kusaka soseji za ng'ombe, za halali. Leicester si mji wa kumpoteza mtu wa Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Wahindi kule Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji huo ilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende Leicester, mji umejaa. Wakaenda kwa maelfu. Basi bucha niliyoingia, mwenyewe mzee wa ndevu nyeupe, akanisikia nahesabu pesa zangu kwa Kiswahili. "Wewe natoka wapi, mama?" Nikamwambia Tanga. Akasema yeye mtoto ya Jinja. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, ngeli alizisahau Uganda, lakini wallahi masikioni mwangu kilikuwa kama kaswida. Akanipimia soseji nane akanionya: "Hapana pika na moto kali."

Maelekezo mengine nilipewa na jirani, bibi wa Kiingereza, mjane, tukiongea juu ya ukuta mfupi wa uani. Kiingereza chake kilinipita kona nyingine, lakini alipofika kwenye vitunguu alinionyesha vidole kumi mara nne, ili nisiseme sikusikia. Dakika arobaini.

Sasa nisikilize vizuri, hasa wewe unayekaanga soseji kama unafukuzwa na mgambo.

Soseji haitobolewi kwa uma. Waingereza huziita bangers, yaani vitu vya kulipuka, na inaelezwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nyama ilipokuwa adimu, zilijazwa mkate na maji hata zikawa zinapasuka kikaangoni. Hapo kutoboa labda kulikuwa na maana. Mkate umo hadi leo, na sheria yao inaridhika soseji ya nguruwe ikiwa na nguruwe asilimia 42, lakini haipasuki ukiipa moto mdogo. Ukiitoboa, mafuta yanatoka na utamu unatoka nayo. Tia kijiko kimoja cha mafuta, zipange zisibanane, uwe unazigeuza kwa dakika ishirini na ushee mpaka ziwe kahawia pande zote. Zitoe uzifunike. Kikaango usikioshe! Yale mabaki yaliyogandia chini ndiyo mwanzo wa mchuzi.

Vitunguu viwe vingi. Sisi wawili tulitumia vinne vikubwa, na mchoyo wa vitunguu chakula hiki hakimhusu, akakaange mayai. Vipasue nusu, uvikate vyembamba, uvitie kwenye kikaango kile kile pamoja na kijiko cha siagi na chumvi kidogo, moto wa chini kabisa. Dakika kumi vitalegea na kutoa maji. Dakika ishirini vitakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakazima. Usizime, koroga tu. Vinywee, viwe na rangi ya asali ya Tabora, nyumba nzima inukie mpaka jirani ajue. Hapo tia kijiko kimoja cha unga wa ngano, ukoroge dakika mbili ubichi wa unga uishe, halafu mimina supu ya mifupa ya ng'ombe kidogo kidogo, kama nusu lita, huku unakwangua kikaango. Uache utokote mpaka ung'ang'anie mgongo wa kijiko. Tone la siki mwishoni, ili utamu wa vitunguu usichoshe. Wenyewe hutia sosi nyeusi ya Worcestershire, ambayo Lea & Perrins wameiuza tangu mwaka 1837 na ndani yake mna visamaki vya chumvi. Mtu wa Pwani akiambiwa hivyo anaielewa mara moja.

Kuna wanaokoroga unga wa pakiti. Bisto ilianza kuuzwa mwaka 1908, na wazee wa mdogo wangu wamekulia mchuzi huo, kwa hiyo sina ugomvi nao. Lakini mchuzi wa pakiti unaiva kabla hujamaliza kuvua koti, na mimi dakika arobaini zile nilizihitaji.

Viazi vichemshe viive hasa, mwaga maji, uvirudishe jikoni dakika moja vikauke, kisha ponda na siagi na maziwa ya moto. Ponda kwa adabu. Ukivitwanga kama kisamvu vitavutika kama gundi.

Kukata vitunguu nilimwachia yeye. Nilimpa kisu nikasingizia macho yangu. Akakaa mezani, akakata cha kwanza, cha pili, machozi yanatiririka, anapangusa kwa mkono wa sweta, anakata. Alipomaliza cha nne aliendelea kulia na hakuna kitunguu tena. Nikaendelea na viazi vyangu, nimempa mgongo. Kwenye msiba wetu mtu hulia katikati ya watu, anashikwa huku na huku. Yeye miezi mitatu alikuwa hajapata watu wa kulia nao, zaidi ya kile choo cha kazini.

Nikatenga. Viazi katikati, soseji mbili juu, mchuzi umemwagwa mpaka ukafanya bwawa. Akala kwa uma, kimya. Soseji ya kwanza ikaisha. Akachukua kipande cha mkate, akafuta mchuzi.

"Dada, hiki mama hakuwahi kukipika."

"Hakuwahi," nikasema.

Akaongeza viazi.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile dogo. Wali wa nazi ulikuwa unamuuliza habari za mama kila tonge. Papa vivyo hivyo, na achari ndiyo usiseme. Soseji za mzee wa Jinja na vitunguu vya bibi wa jirani hazikumjua mtu yeyote wa Tanga. Zilikuwa za moto, laini, nzito tumboni, na hazikumuuliza kitu. Wapo watakaosema huo ni uzungu, kumwacha mtu akimbie kwao mpaka kwenye sahani. Waseme. Mimi nilikuwa namtazama mfupa wa shingo yake, wao hawakuwepo.

Basi ikawa ada. Mara mbili kwa wiki, akitoka shifti ya mchana, nyumba inanukia vitunguu. Mzee wa bucha akinichungulia mlangoni anaanza kupima kabla sijasalimia. Bibi wa jirani tulimpelekea sahani, akasema viazi vyangu vimezidi siagi, kisha akala vyote. Sare ikaacha kupwaya kidogo kidogo. Wali bado alikuwa haugusi, nami niliacha kuupika.

Mwishoni mwa Januari, siku ya Ijumaa, nimeshatenga, mdogo wangu akainuka akaenda kabatini. Nikasikia paketi za chumvi zinasogezwa. Akarudi na ile chupa. Hakusema neno. Akachota kijiko kimoja cha achari akakiweka pembeni ya soseji, pale ambapo Waingereza huweka haradali. Akakata kipande, akachovya, akala. Mimi nilikuwa nimesahau kutafuna.

"Imezidi chumvi," akasema.

"Siku zote anazidisha chumvi."

Akacheka. Kicheko chenyewe kikakatika katikati, akashika meza, halafu akaanza kuuliza. Tulikaa pale mpaka saa saba za usiku, yeye anauliza, mimi namweleza: nani alimwosha, nani alisoma, kanga gani alijifunga siku ile ya mwisho, kama alimtaja. Alimtaja. Nikamwambia alivyomtaja, kwa maneno yale yale.

Soseji mbili zilibaki. Asubuhi alizifunga kwenye kopo pamoja na achari kidogo, akaenda nazo kazini.