Baharia wa Baraza la Chini

Kitu cha kwanza kukupokea Buffalo mwezi wa Oktoba ni upepo. Unatoka Ziwa Erie, haupigi hodi, unapita kwenye koti, kwenye sweta, kwenye fulana, kisha unakaa mgongoni kama mtoto wa kubebwa. Koti langu nililinunua soko la Karume, Dar, mtumbani, na muuzaji aliniapia kwamba ni la Ulaya na baridi hailipiti. Labda Ulaya ya mwezi wa Julai.

Treni kutoka jiji la New York hutumia kama saa nane kufika hapa, kilomita 700 hivi kwa reli, na wageni wengi wanaoshuka kituo cha Exchange Street wana jambo moja kichwani: maporomoko ya Niagara, picha, kurudi. Mimi nilishuka na begi moja na filamu moja kwenye kompyuta, nikashika njia ya Lower West Side kwa miguu.

Hupotei. Unaanzia chini ya City Hall, jengo la mwaka 1931 lenye ghorofa 32, unashika Niagara Street, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, na mara unaanza kukata mitaa yenye majina ya majimbo: Georgia, Carolina, Virginia, Maryland, Pennsylvania, Jersey. Hujachoka bado umeshavuka Marekani nzima ya zamani na hakuna aliyekuuliza pasipoti. Kipande hiki cha Niagara Street kina jina la pili, Avenida San Juan, kwa kuwa hapa ndipo Wapuerto Rico walipotia nanga. Kabla yao walikuwapo Wasicilia, na ukipita kanisa la Holy Cross, ambalo zamani lilikuwa la Waitaliano, siku hizi utasikia Kihispania. Wakongo, Warundi, Wasomali na Waburma wamekuja nyuma yao, wengi wakiwa juu kidogo, West Side ya kuelekea Grant Street, na wengine wametawanyika huku chini kila palipopatikana chumba.

Lakini kilichonileta ni nyumba. Za hapa ni za mbao, nyembamba, ndefu kwenda nyuma, na nyingi zimejengwa kwa familia mbili: moja chini, moja juu. Kwa hiyo kila nyumba ina mabaraza mawili, moja limekaa juu ya kichwa cha jingine. Sisi watu wa pwani baraza tunalijua kama mahali pa kutazamana na mpita njia. Sijawahi kuona mahali ambapo baraza linatazamana na baraza. Bibi wa juu anateremsha kikapu kwa kamba, mzee wa chini anatia barua na nyanya mbili, kikapu kinapanda. Hilo nililiona kwa macho yangu mtaa wa Maryland, nikasimama kwenye upepo kama mshamba hadi kikapu kikafika.

Sasa hiyo filamu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Temeke tulimjua Chow Yun-fat kwa bastola mbili na koti refu, yule wa *A Better Tomorrow* ya mwaka 1986. Hatukujua Kikantoni wala Kiingereza, na haikuwa shida: risasi haihitaji mkalimani. Baadaye akaja Lufufu na sauti yake juu ya sauti za waigizaji, akitafsiri, akikosoa, akiongeza chumvi, na ikawa filamu ya Hong Kong haijakamilika mpaka Mswahili ameisimulia. Ila vibandani tuliletewa ngumi na risasi tu. Kwamba mtu huyohuyo, mwaka mmoja tu baadaye, alikuwa amecheza mapenzi na vichekesho, nimelijua ukubwani.

Filamu hiyo ni *An Autumn's Tale* ya mwaka 1987. Jina lake la Kichina ukilitafsiri ni ngano ya majira ya kupukutika majani, na hapo kamusi zetu huanza kuhema, maana majira hayo hatuna. Tuna vuli, ambayo huanguka miezi ileile, Oktoba hadi Desemba. Kwao jani linadondoka, kwetu mbegu inaingia ardhini. Mimi naiita *Ngano ya Vuli* na sitaki ubishi.

Aliyeiongoza ni Mabel Cheung, akiandikiwa na Alex Law, mwenzake wa maisha na wa kazi. Wote wawili walisomea filamu Chuo Kikuu cha New York, na walijua jinsi mwanafunzi kutoka Hong Kong anavyoishi kwa kuhesabu senti. Filamu ya kwanza ya Cheung, ya mwaka 1985, iliitwa *The Illegal Immigrant*. Ya tatu, *Eight Taels of Gold* ya 1989, inamfuata dereva wa teksi wa New York anayerudi kijijini kwao China na dhahabu mwilini. Katikati ya hizo mbili ndipo inapokaa ngano yetu. Mwaka 1984 Uingereza na China zilikuwa zimekubaliana kwamba Hong Kong ingerudishwa 1997, na nyumba nyingi huko mazungumzo ya mezani yalikuwa ni nani aondoke na nani abaki. Mwaka 1988 filamu ilichukua tuzo ya filamu bora ya Hong Kong, na Chow Yun-fat kwa kazi hiyo alikuwa ameshapata Farasi wa Dhahabu wa Taiwan. Alex Law alifariki 2022, New York kulekule.

Kisa chenyewe hakina makuu. Binti anaitwa Jennifer, amechezwa na Cherie Chung, anatua New York kusoma na kumfuata mchumba. Mchumba ana mwingine. Anayempokea uwanja wa ndege ni ndugu wa mbali, Samuel, mwenye gari bovu na mdomo mrefu. Binti anapewa chumba kwenye nyumba chakavu. Samuel anakaa chini yake. Juu na chini, basi. Samuel alikuwa mfanyakazi wa meli, akabaki Marekani. Kwa lugha ya Dar huyo ni baharia kwa maana zote mbili, ile ya kamusi na ile ya vijana wa Kurasini waliozamia meli. Hana elimu, anacheza kamari, anapigana, na ana ndoto moja: mgahawa ufukweni, unaotazama bahari.

Nilikuwa nikiiangalia filamu hiyo kila nilipopata baridi ya moyo, na kila mara nilitaka kuona mtaa ambamo Samuel angeweza kuishi leo. Manhattan imeshakuwa ya wenye nazo. Mtu wa aina yake asingeweza kulipa kodi ya mwezi mmoja. Jimbo ni hilihili, lakini nyumba za watu kama yeye zimebaki huku mwisho wa reli.

Asubuhi ya pili nilishuka hadi majini. Barabara kuu inayopita kando ya ufuko imejengwa juu ya mfereji wa Erie, ule uliofunguliwa 1825 na kuifanya Buffalo kuwa mji; leo magari yanapiga kelele mahali palipokuwa na majahazi. Ukivuka unafika bustani iliyoitwa LaSalle kwa miaka mingi na sasa ina jina la Ralph Wilson, aliyekuwa mwenye timu ya mpira wa Kimarekani ya hapa. Kando yake, mwisho wa Porter Avenue, kuna jumba la kusukumia maji lenye mashine tano za mvuke za mwaka 1915, kila moja ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mpenzi wa mashine angekaa hapo siku nzima. Mimi nilikaa nikitazama mto.

Hapa ziwa linabanwa na kuwa Mto Niagara, na mto ni mwembamba kiasi kwamba unaona magari ya Canada yakipita ng'ambo. Daraja la Peace Bridge limeziunganisha nchi mbili tangu 1927. Ila mwaka 1882 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyo ilidumu hadi 1943. Wachina wa Amerika wakati huo wengi wao walikuwa watu wa Guangdong, wasemaji wa Kikantoni na ndugu zake. Mlango wa mbele ulipofungwa, baadhi walipitia Canada, na usiku wakalipa wenye mashua kuwavusha mto huu huu, wenye mkondo unaokwenda moja kwa moja kwenye maporomoko. Nikiwa nimesimama pale, masikio yakiniuma, nilielewa kwamba nimekuja na filamu ya Kikantoni mahali ambapo Kikantoni kilishawahi kufika, kimelowa, bila taa. Siku hizi wanaosubiri upande huu au ule wa daraja, na bahasha ya makaratasi mkononi, baadhi yao wanazungumza Kiswahili.

Jirani wa karibu wa haya yote ni jambo ambalo Buffalo yenyewe hailipigii debe vya kutosha. Mwaka 1896, kwenye jengo la Ellicott Square, mwendo mfupi kutoka Niagara Street, Mitchell Mark alifungua ukumbi wa viti 72 kwa ajili ya picha zinazotembea, na unatajwa miongoni mwa kumbi za kwanza duniani zilizojengwa kwa sinema peke yake. Jengo lipo. Niliingia, nikanywa kahawa ukumbini, nikatoka. Mtu wa vibanda vya video lazima azuru.

Mwenyeji wangu ni mama wa Uvira aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupangiwa Buffalo. Anaishi juu. Kiswahili chetu kilikutana mezani na kushindana kidogo: mimi kisamvu, yeye sombe, mimi ugali, yeye bugali, mimi dagaa, yeye ndagala, na tulikubaliana kwamba vyovyote viitwavyo, hawa wa kwenye friza si wa Tanganyika. Nilipoanza kufungua kompyuta alinizuia.

"Kula kwanza, kaka. Filamu haiko na miguu."

Tulipomaliza, watoto wake wakajipanga kwenye zulia. Wao wanasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha haraka kuliko mimi. Mama hasomi Kiingereza. Basi nikafanya kilichonibidi: nikapandisha sauti ya Temeke, nikawa Lufufu. Samuel akafika uwanja wa ndege kwa Kiswahili, akajisifu kwa Kiswahili, akagombana na mwenye gari kwa lugha ambayo mbele ya watoto niliipunguza makali.

Kuna neno moja lilinitesa. Samuel ana Kiingereza chake cha kuokoteza, na anasema wanawake ni *cha bou*. Kwa Kikantoni hilo ni birika la chai. Sikioni mwake ndilo neno la Kiingereza la matata. Hong Kong walilidaka na likaingia mtaani. Nilianza kumweleza mama kwa mfano wa kipilefti, jinsi amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto ilivyogeuka jina la mzunguko wa barabara. Akanikata.

"Birika ni yeye," akasema. "Anachemka tu, chai hatuoni."

Halafu akaongeza, akimtazama Samuel akifua shati: "Huyu muntu hana makaratasi. Ona vile anatembea kando ya ukuta." Nimeiangalia filamu hiyo mara nyingi. Sikuwahi kuona kwamba anatembea kando ya ukuta.

Tulicheka sana mpaka sakafu ikajibu: ko, ko, ko. Mpini wa fagio. Mzee wa chini, Mpuerto Rico mjane, alikuwa anatukumbusha kwamba sakafu yetu ndiyo dari yake. Tukanyamaza, tukacheka tena, fagio likarudi. Mara ya tatu hakugonga. Tulisikia ngazi zinalia, mlango ukafunguliwa na mtoto mdogo, na mzee akasimama hapo na sweta na ndara, uso umekunjwa. Mama hakusema samahani. Alivuta kiti, akamwekea sahani ya sombe. Mzee akaitazama sahani, akaitazama kompyuta, akaketi.

Tulikuwa tumefika kwenye saa. Jennifer ana saa ya kizamani isiyo na mkanda, na dukani amewahi kuutamani mkanda mmoja ambao hawezi kuununua. Siku anapohama, kila mmoja anampa mwenzake kijisanduku. Samuel ameuza gari lake, lile bovu analolipenda, akanunua mkanda. Jennifer, kumbe, amemwachia saa. Mkanda umekwenda huku, saa imebaki kule. Nilisimulia hapo kwa sauti ya chini, Lufufu hana budi kujua wakati wa kunyamaza, na binti mkubwa wa mama akawa anamnong'oneza mzee kwa Kihispania cha shuleni. Kikantoni, Kiingereza, Kiswahili, Kihispania, katika chumba ambacho kipasha joto chake kinakoroma.

Mwisho wa filamu muda umepita. Jennifer anatembea ufukweni na mtoto anayemlea, mbele yake gatini kuna mgahawa, na nje yake amesimama mtu mwenye suti safi. Samuel. Anamtazama, kisha anamuuliza swali moja tu, lile ambalo kila mhudumu wa mgahawa humuuliza mteja anayeingia.

Nilivuta pumzi nitafsiri. Mzee wa chini alikuwa ameshaweka kijiko, ameinua vidole viwili.