Maji Kwanza, Zulia Baadaye



Ndugu wasomaji, wakaao Mji wa Kale wa Mombasa wamejenga juu ya mwamba wa matumbawe, na mvua ikishakatika, ardhi yao haikawii kuyanywa maji. Sisi tulio upande wa bara, pande za Miritini na Changamwe, tumekadiriwa ardhi ya tabia nyingine. Huku kwetu miamba laini ya kale imeoza ikawa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mfinyanzi huo hupasuka nyufa, na masika yafikapo huvimba ukaziba kila kitundu, maji yakatuama juu yake kama yaliyomo bakulini.

Nyumbani kwetu maji hayo hayakuwa jambo dogo. Mama yetu amevuka miaka 70 na hutembea kwa mkongojo. Kila masika ua ulimfungia ndani, asiweze kwenda kumjulia hali jirani wala kuhudhuria darasa la akina mama. Watoto waliingia na matope hadi kwenye miswala. Mbu nao walipata makao, kwani maji yaliyotuama kwa wiki moja au mbili yamtosha mbu kutoka yai hadi kuruka.

Dada yetu afanyaye kazi Ghuba alipotuletea akiba yake ili ua utandikwe nyasi bandia, sote tulifurahi. Fundi alisema kazi ni ya siku mbili. Mama akauliza swali moja tu: “Na maji yatakwenda wapi?”

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Nyasi bandia zina vitundu chini yake, na maji hupita. Lakini yakishapita hukutana na mfinyanzi usioyapokea, nalo zulia hubaki limekalia tope, likanuka na kufanya mabonde.

Tulichimba shimo la kina cha futi moja, tukalijaza maji na kuliacha hadi kesho yake ili udongo ulowe. Kisha tukalijaza tena na kusimamisha kijiti chenye alama. Ardhi ipitishayo maji vyema huyashusha kwa inchi moja au zaidi kila saa. Maji yetu, tangu Alasiri hadi Isha, hayakushuka hata upana wa kidole.

Fundi alitupa njia tatu za mkato. Ya kwanza ilikuwa kumwaga mchanga juu; lakini maji yangepita mchangani na kusimama palepale, juu ya mfinyanzi. Ya pili ilikuwa kuchimba shimo la kunyonya maji. Katika udongo kama huu shimo hilo hugeuka kisima. Ya tatu, iliyokuwa rahisi kuliko zote, ni kutoboa ukuta wa upande wa chini. Nyuma ya ukuta huo anaishi mjane na wanawe, na jiko lake limeuegemea. Mama akasema, “Hatujikaushi kwa kumlowesha jirani.” Mjadala ukaishia hapo.

Kazi ilianzia juu, kwenye paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hivyo paa la mita 100 za mraba, likinyeshewa milimita 20, huteremsha lita 2,000. Yote hayo yalikuwa yakimwagikia uani. Tukafunga mlizamu uyapeleke tangini, nayo sasa twayafulia na kuoshea vyombo.

Kisha ardhi ikasawazishwa kwa kamba na pima maji, iteremke sentimita 2 kwa kila mita, ikiupa mgongo ukuta wa nyumba. Kandokando ya ukuta wa chini, mbali na shimo la choo na bila kuugusa msingi, ukachimbwa mtaro wa kina cha nusu mita. Ndani yake kilitandazwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe njia, zikafuata kokoto, kisha bomba lenye matundu, na kokoto tena, kitambaa kikakunjwa juu. Bomba hilo huyapeleka maji kwenye mtaro wa barabara, si kwa mtu. Mwisho, pale patakapokuwa na nyasi, udongo wa juu uliondolewa, ikashindiliwa tabaka ya kokoto ya sentimita 10.

Hayo yalikula zaidi ya nusu ya akiba. Dada yetu aliomba picha ya nyasi, akapelekewa picha ya mtaro. Kwa siku mbili hakujibu, nasi tulielewa, kwani fedha ile ilikuwa jasho lake ugenini. Mama alipomweleza habari ya jiko la jirani, jibu likaja: “Basi mtaro na uwe sadaka yangu.”

Nyasi zilizobaki kununuliwa zilitosha chini ya mwarobaini tu. Hata hilo lilikuwa na kheri, maana nyasi bandia juani hupata moto kuliko nyasi za asili, wala mtoto hawezi kuzikanyaga miguu mitupu adhuhuri. Kivulini hukalika.

Masika yaliyofuata, baada ya usiku mzima wa mvua, kokoto zilikuwa zimelowa lakini hapakuwa na dimbwi. Mama alitoka kwa mkongojo wake hadi kwa jirani, akalikuta jiko kavu.

Mwenye kutaka kupamba ua wake na angoje mvua moja kubwa kabla ya kulipa. Atazame maji yanatuama wapi na yanaelekea wapi, kisha aulize ni nani atakayeyapokea. Akishapata jibu lisilomdhuru mtu, ndipo amwite fundi wa nyasi.