Dagaa Wageni wa Ziwa Kariba

Msafiri aendaye kusini kutoka mji wa Lusaka, katika nchi ya Zambia, huteremka vilima vingi vya mawe kabla ya kulifikia bonde la mto Zambezi. Kadiri ateremkavyo ndivyo joto lizidivyo, na mibuyu huonekana imesimama huku na huku kama wazee walioachwa kulinda mji. Hata afikapo Siavonga, mbele yake hutanda maji mapana, na kama ni mgeni aweza kudhani kwamba amefika pwani. Lakini maji hayo si bahari, wala si ziwa la asili. Hilo ni Ziwa Kariba, lililofanyizwa na binadamu kwa kuuziba mto, na ng'ambo yake ni nchi ya Zimbabwe.

Urefu wa ziwa hilo ni kama kilomita 280, na eneo lake hupita kilomita za mraba 5,000 lijaapo. Ukuta wake wa saruji, wenye kimo cha mita 128, ulijengwa kati ya mwaka 1955 na 1959. Mto ulizibwa mwezi wa Desemba 1958, na maji yakapanda polepole mpaka mwaka 1963 ndipo ziwa likajaa. Nia ya kazi hiyo kubwa ilikuwa umeme wa migodi ya shaba na wa miji. Wengi hulisifu ziwa kwa sababu ya umeme huo. Lakini mkulima akiuliza, "Je, maji haya yamemlisha nani?" jawabu lake halimo katika nyaya za umeme, bali limo katika nyavu za wavuvi.

Jua lituapo, vyombo vya uvuvi huondoka pwani kimoja kimoja. Havifanani na ngalawa wala mitumbwi. Kila kimoja ni jukwaa la chuma lielealo juu ya maboya makubwa, lenye kibanda kidogo na mlingoti wa kuinulia wavu. Wavuvi wachache hukaa humo usiku kucha. Wakifika penye kina, huteremsha wavu wa duara, kisha huwasha taa. Dagaa huvutwa na mwanga, wakakusanyika kwa maelfu kuizunguka taa, ndipo wavu huinuliwa kutoka chini yao. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi hata alfajiri. Usiku wa giza ndio usiku wa mavuno. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea majini kote, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Mtu aliyesimama kilimani wakati huo wa giza huona taa zimetapakaa ziwani, akadhani ni mji mwingine uliozaliwa juu ya maji.

Asubuhi samaki hutiwa chumvi na kuanikwa juani juu ya chanja. Kwa jua kali la bonde hilo, hukauka upesi, wakatiwa magunia na kupelekwa mijini na migodini. Huko Zambia huitwa kapenta, na Washona wa Zimbabwe huwaita matemba. Samaki hao ni chakula cha watu wa kipato kidogo, maana hawahitaji barafu, huuzwa kwa kipimo kidogo, na konzi moja tu yaweza kuwa kitoweo cha ugali wa nyumba nzima.

Sasa jambo la ajabu ni hili: dagaa hao si wenyeji wa Zambezi. Mzee wa Kigoma au wa Ujiji akionyeshwa taa zile na samaki wale, atasema mara moja, "Hawa ni wa kwetu." Naye atakuwa amesema kweli, kwa kuwa asili yao ni Ziwa Tanganyika. Ili kufahamu sababu ya kuletwa kwao, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Kabla ya ukuta kujengwa, bonde hilo la Gwembe lilikuwa makao ya Watonga. Mto ulipofurika ulileta udongo wenye rutuba, na ulipopungua wakulima walipanda mahindi na mboga ukingoni, penye unyevu. Hivyo walipata mavuno ya mvua na mavuno ya mto, na mvua ilipokosekana, mto uliwaokoa. Watu wapatao 57,000 wa pande zote mbili walihamishwa ili kuyapisha maji. Wengine walikataa, na mwezi wa Septemba 1958, katika kijiji cha Chisomo, polisi walipiga risasi, wakafa watu 8. Wengi walipelekwa kwenye nchi kavu yenye udongo dhaifu, mbali na makaburi ya wazee wao. Nao umeme uliotokana na maji hayo ulipita juu ya vichwa vyao kwenda mbali, na vijiji vingi vya bondeni vikakaa gizani kwa miaka mingi.

Faida moja waliyoambiwa waitazamie ilikuwa samaki. Serikali zilikata misitu katika sehemu nyingi kabla ya maji kupanda, ili visiki visichane nyavu. Watonga, ambao walikuwa wakulima na wafugaji zaidi kuliko wavuvi, walijifunza kutega nyavu, na huko Sinazongwe pakawa na chuo cha uvuvi. Miaka ya kwanza neema ilikuwa kubwa, kwa kuwa majani na mimea iliyozama iliwanenepesha samaki. Baadaye rutuba ile ilipungua, na samaki nao wakapungua.

Tena palikuwa na kasoro nyingine. Perege na kambare na samaki wengine wa mtoni walipenda kukaa karibu na ukingo; katikati ya ziwa, penye kina kirefu, palikuwa kama shamba lisilo na mkulima. Vijidudu vidogo vya majini, ambavyo ni chakula cha samaki, vilizaliwa na kufa bure. Kwa hiyo wataalamu wa Zambia wakawafikiria dagaa wa Tanganyika, waliozoea kuishi penye maji mapana. Katika miaka ya 1967 na 1968 waliwasafirisha kwa ndege wakiwa hai na kuwaachilia Kariba. Wageni hao waliongezeka kupita matumaini yote. Hata wengine walipenya kwenye mitambo ya umeme, wakachukuliwa na mto, na leo huvuliwa pia katika ziwa la Cahora Bassa, nchini Msumbiji.

Wazee wamenena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, mwenyeji wa Kariba amepona? Hapa yafaa kusema kwa haki. Dagaa wamewapa watu wengi chakula na kazi. Hata hivyo, chombo cha kuvulia dagaa, pamoja na injini yake na taa zake na wavu wake, hununuliwa kwa fedha nyingi. Kwa hiyo tangu mwanzo vyombo vingi vilikuwa mali ya makampuni na matajiri waliotoka mbali, na mwana wa Mtonga akawa kibarua juu ya maji yaliyofunika shamba la babu yake. Mwingine yuko ukingoni na mtumbwi wake na nyavu chache, akiwaogopa mamba na viboko, akitazama taa za wenye vyombo.

Sheria husema vyombo vya dagaa visivue penye kina kilicho chini ya mita 20, kwa sababu huko ndiko samaki wachanga hulelewa. Lakini ziwa ni pana na usiku ni mrefu. Chombo kikisogea ukingoni, hukusanya wachanga pamoja na wakubwa, na anayeumia kwanza ni yule mwenye mtumbwi. Tena vyombo vimezidi kuwa vingi, na kila kimoja hupata samaki wachache kuliko zamani. Ukame nao haukosi kuja. Mwaka 2024 maji yalishuka sana, hata umeme wenyewe ukawa wa kugawana.

Basi habari ya Kariba yawafaa watu wote wakaao karibu na maji yaliyozibwa, ikiwa ni Zambezi au Tana. Kujenga ukuta ni kazi ya miaka michache, na kuleta samaki ni kazi ya siku chache. Kazi iliyo ndefu ni kuhakikisha kwamba mtu aliyetoa shamba lake anapata nafasi yake katika mavuno. Wageni kutoka Tanganyika walitimiza wajibu wao siku nyingi. Mwenyeji wa Gwembe bado yuko ukingoni na mtumbwi wake, naye hupona nusu.